Barua Isiyofika Tanga

Tarehe 31 Machi 2016, katika kaunti ya Fort Bend jirani na Houston, msichana wa miaka 17 aligonga gari lililokuwa mbele yake. Alikuwa akiendesha Honda Civic ya mwaka 2002. Mkanda alikuwa amefunga, na maofisa waliofika pale walisema ilikuwa ajali ambayo dereva angeweza kushuka garini kwa miguu yake mwenyewe. Kilichomuua ni mfuko wa hewa uliokaa ndani ya usukani ili kumkinga. Kopo la chuma linaloujaza mfuko gesi lilipasuka, na kipande chake kikamkata shingoni. Gari hilo lilikuwa limekwishaitwa na kiwanda ili libadilishwe kopo hilo bila malipo. Honda ilisema ilituma barua za wito. Familia ilisema haikupata barua.

Ninaishi Houston, na habari hiyo bado inazungumzwa huku kila zinapotajwa ebegi, yaani mifuko ya hewa, za kampuni ya Takata. Mimi nimekulia Tanga, na ndugu zangu bado wako huko. Kila ninaposikia habari hizi akili yangu inahamia kwenye magari madogo ya Kijapani yanayopanda na kushuka barabara za Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja. Yametengenezwa miaka ile ile na yamepigwa na fukuto lile lile. Tofauti ni kwamba mimi nikiwa hapa naandikiwa barua, na ndugu yangu haandikiwi.

Hilo fukuto ndilo kiini cha jambo. Ndani ya lile kopo kuna vidonge vya nitrati ya amonia. Gari likigongwa, vidonge vinawashwa na kutoa gesi kufumba na kufumbua, mfuko unavimba kabla kichwa cha dereva hakijafika kwenye usukani. Takata, kampuni ya Japani iliyouzia mifuko hii karibu viwanda vyote vikubwa vya magari, ilitumia kemikali hiyo kwenye makopo mengi bila kuweka dawa ya kufyonza unyevu. Joto la mchana, ubaridi wa usiku na unyevu wa hewa vikipita mwaka baada ya mwaka, vidonge vinachakaa. Siku vikiwashwa vinaungua kwa kasi ambayo kopo haliwezi kuihimili, na kopo linageuka kuwa vipande vya chuma vinavyoruka usoni na shingoni. Ndiyo maana serikali ya Marekani, ilipopanga nani atengenezewe kwanza, iliweka mbele majimbo ya joto na unyevu kama Florida na Texas, na magari yenye umri mkubwa zaidi. Kwa kipimo hicho hicho, pwani yetu nzima ingekuwa mwanzo wa foleni.

Ukubwa wake ni huu: Marekani peke yake iliita mifuko ipatayo milioni 67, na duniani kote ni zaidi ya milioni 100. Huku wamekufa zaidi ya watu 25 na wasiopungua 400 wamejeruhiwa. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa la jinai mbele ya mahakama ya Marekani, ikakubali kulipa dola bilioni 1, na mwezi Juni mwaka huo huo ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika.

Sasa nieleze jinsi mambo yanavyokwenda huku. Tangu mwaka 1966 Marekani ina sheria inayomlazimisha mtengenezaji wa gari, akigundua kasoro ya usalama, amjulishe mwenye gari, na tangu mwaka 1974 inamlazimisha pia kuiondoa kasoro hiyo kwa gharama zake. Majina na anwani kiwanda kinazipata kwenye daftari za usajili wa magari za majimbo. Kwa hiyo hata ukinunua gari lililokwisha kupita kwa wamiliki watatu, ukishalisajili kwa jina lako unaingia kwenye orodha ya wanaoandikiwa. Bahasha inakuja na nembo ya serikali ili usiidhanie tangazo la biashara. Asiyetaka kungoja posta anaingia kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani, anaandika namba ya gari yenye herufi na tarakimu 17, na jibu linatoka hapo hapo.

Barua yangu ilipokuja nilikwenda kwa wakala wa kiwanda aliye karibu na kwangu. Kijana wa kaunta hakuniuliza nililinunua gari wapi, kwa nani, wala kama lilipata kuhudumiwa kwao. Aliisoma ile namba kwenye dashibodi kupitia kioo cha mbele, akaiingiza kwenye kompyuta, akaniambia gari limeitwa na spea haipo. Viwanda vilikuwa vinahitaji mamilioni ya makopo mapya kwa wakati mmoja, nami nikaambiwa nitapigiwa simu. Nilikataa kuondoka na gari lile. Nilimwambia kwamba ninabeba watoto humo na barua yao wenyewe inasema linaweza kuua. Ilinibidi nimwone meneja, nirudie maneno yale yale, ndipo nikapewa gari la kuazima. Nawaambia Waswahili wenzangu mlioko huku: ombeni, na mkinyimwa ombeni tena, tena kwa mtu mwenye cheo. Sheria haimlazimishi wakala kukupa gari, lakini viwanda vingi viliwalipia wateja wao gari la kuazima au la kukodi katika jambo hili. Spea ilipofika kazi ilikwisha siku hiyo hiyo, na kwenye karatasi, mahali pa malipo, paliandikwa sifuri.

Sisemi kwamba huku kila kitu kimenyooka. Hakuna sheria ya shirikisho inayomzuia muuza magari yaliyotumika kukuuzia gari lenye wito ambao haujatekelezwa, na wahamiaji wapya ndio wanaonunua zaidi kwenye yadi hizo za bei nafuu. Kampuni kubwa za kukodisha zilikatazwa mwaka 2016. Muuzaji wa yadi hakuguswa. Kwa hiyo ndugu uliyefika juzi, kabla hujatoa fedha, piga picha namba ya gari na uiangalie mwenyewe.

Turudi nyumbani. Nilipomweleza mdogo wangu habari hii kwa simu, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Dada, hiyo kampuni inapata nini kunitengenezea bure?" Lilikuwa swali la haki. Sisi tumezoea kwamba gari likishatoka bandarini, kila nati ni ya kwako. Tena nchi yetu imeumizwa sana na matapeli wa simu. Mtu ambaye amekwisha kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawezi kuuamini ujumbe unaomwambia alete gari libadilishiwe kifaa cha bei kubwa bila kutoa shilingi. Siku mamlaka zetu zitakapoamua kuwaandikia wananchi, ziandike kwa njia rasmi inayojulikana, zitangaze redioni pia, watu wajue kwamba ujumbe ni wa kweli.

Halafu kuna gereji. Ninawaheshimu mafundi wetu, na nimewaona wakifufua injini ambazo huku zingetupwa jalalani. Lakini kasoro hii haisikiki kama bearing iliyokufa wala haionekani kwa kufungua boneti. Taa ya ebegi kwenye dashibodi haiwaki kwa sababu yake, maana umeme wa mfuko uko sawa kabisa. Ubovu uko ndani ya kopo lililofungwa. Fundi akiambiwa na mteja "ondoa hiyo taa" au "nitafutie ebegi ya mtumba", atakwenda Gerezani kama yuko Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama yuko Nairobi, atapata usukani uliotoka kwenye gari lililochinjwa, ataufunga. Kopo lililomo ndani yake linaweza kuwa lile lile lililoitwa. Hapo fundi hana kosa, kwa sababu hakuna aliyempa orodha.

Na orodha ipo. Japani lilikotoka gari hilo, kiwanda kina kumbukumbu ya kila namba ya chesisi kiliyoiita na kila gari ambalo limekwisha kutengenezwa. Tangu Mei 2018 serikali ya Japani iliacha kuyapitisha kwenye ukaguzi wa lazima magari yenye mifuko ya hatari ya Takata ambayo hayajatengenezwa. Hatua hiyo inayasaidia magari yanayokuja sasa. Lakini fikirini mpangilio wa miaka. Wito wa kwanza wa makopo haya, wa magari machache ya Honda, ulitolewa mwaka 2008. Wito mkubwa uliozikumba Toyota, Honda, Nissan na Mazda kwa pamoja ulitoka Aprili 2013, na baada ya hapo orodha ikaendelea kukua. Gari lililopakiwa melini Yokohama mwaka 2010 kuja Dar es Salaam huenda liliondoka kabla halijaitwa. Hakuna fundi wa Japani ambaye angeweza kulitengeneza, kwa sababu kasoro yake ilikuwa haijatangazwa. Wito ulipotoka, kule lilikuwa limekwisha kufutwa kwenye usajili kwa ajili ya kuuzwa nje, kwa hiyo hakukuwa na anwani ya kutuma barua. Kwenye orodha za wito wa mifuko ya Takata imo Corolla, imo Yaris ambayo kwetu ni Vitz, imo RAV4, na zimo Honda Fit na Subaru Impreza. Majina hayo yanajulikana na kila anayekaa kijiweni kwetu.

Linaloniuma ni kwamba anwani mpya tunayo. Tanzania, gari haliwekewi namba mpaka mamlaka ya mapato, TRA, iandike chesisi yake pamoja na jina la mwenye nalo. Kenya, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, inafanya hivyo hivyo. Kadi ya gari iliyo kabatini kwako ina ile namba ambayo kiwanda cha Japani kinaitafuta. Kinachokosekana ni kuzilinganisha orodha mbili: ya kiwanda na ya usajili wetu. Ni kazi ya kompyuta. Haihitaji bajeti ya kujenga daraja.

Wakala wa nyumbani anaweza kusema kwamba gari hilo hakuliuza yeye, liliagizwa na mtu binafsi. Jibu hilo lisikubaliwe kirahisi. Kiwanda kilichotengeneza gari ni kile kile ambacho bendera yake inapepea juu ya jengo la wakala, na kopo la chuma halijui gari liliingia nchini kwa mlango upi. New Zealand nayo inaendesha kushoto na inanunua magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, kama sisi. Mwaka 2018 serikali yake iliufanya wito wa mifuko ya hatari zaidi kuwa wa lazima nchini kote. Ulikuwa uamuzi wa serikali kuyatetea magari yaliyokuwa barabarani mwake, na ndio ninaouomba kwa mashirika ya viwango, TBS na KEBS, na kwa TRA na NTSA: gari lisipewe cheti cha kuingia nchini kama wito wake haujatekelezwa, na yale yaliyokwisha kuingia yatafutwe kwa namba zake.

Wakati tunasubiri hayo, kuna kazi ambayo kila mwenye gari anaweza kuianza leo. Chukua kadi, soma namba ya chesisi. Gari lililouzwa kwa soko la Japani halina namba ya tarakimu 17. Lina herufi na namba za modeli, kistari, kisha mfululizo wa tarakimu, kwa hiyo tovuti ya Marekani haitalitambua. Nenda kwenye tovuti ya Japani ya kiwanda chako, kwenye ukurasa wa wito wa magari. Umeandikwa Kijapani, lakini simu inautafsiri vya kutosha. Ingiza namba. Ikitokea kwamba gari limeitwa na halijatengenezwa, chapa ukurasa huo, upeleke kwa wakala, udai jibu la maandishi. Kama kasoro ni ya upande wa abiria, kiti cha mbele kikae wazi. Kama ni ya dereva, hilo gari lipumzike mpaka upate jibu. Na fundi asiguse mfuko huo kwa bisibisi, kwa sababu ni kilipuzi.

Nanyi mlioko nje, mnaowaagizia wazazi na wadogo zenu magari kwa fedha mlizozipata kwa jasho: muulizeni muuzaji wa Japani namba kamili ya chesisi kabla ya kulipa, mwangalie wenyewe, na gari lenye wito wazi litengenezwe hapo Japani, bure, kabla halijapanda meli.