Meno na Ngozi ni Amana

Katika mambo yaliyoingia majumbani mwetu kimya kimya, na ambayo wazee wengi hawayajui mpaka madhara yake yamekwisha kudhihiri, ni haya ya kubadili ngozi na meno kwa ajili ya urembo. Hatukusudii hina, wanja, manukato wala mswaki. Hayo ni mapambo yetu tangu zamani, na dini yetu yapenda usafi. Tunakusudia dawa za kuchubua rangi ya uso, na kazi ya kukereza meno mazima ili yavikwe meno mengine. Tumewaona watu wa karibu nasi waliofanya hayo, na tumeyasikia majuto yao. Ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Binti mmoja wa ndugu yetu, ilipokaribia harusi yake, alinunua kikopo cha mkorogo kisichokuwa na karatasi ya kueleza kilichomo ndani. Katika wiki chache uso ukang'aa, na wanawake wakamsifu. Haikupita miezi mingi zikamtoka chunusi, na vijishipa vyekundu vikaonekana mashavuni. Akajaribu kuacha, uso ukavimba na kuwaka, ikambidi arejee kwenye kikopo kile kile ili atulie. Tulipomwuliza kwa nini hatoki chumbani, alitujibu: "Ami, hata maji ya udhu yaniwasha kama pilipili." Neno hili lilituchoma sana. Maji ambayo Muislamu hujitwaharishia mara tano kwa siku yamekuwa adhabu kwa msichana wa miaka ishirini! Harusi ilifanywa, alhamdulillahi. Lakini bwana harusi alimwuliza swali moja, naye hakuweza kulijibu: kwa nini hakubaki na uso ule ule aliokuja kuuposa?

Na tueleze namna mambo haya yanavyotokea, kwani asiyejua hadhari hana. Ngozi ya mwanadamu ina rangi iitwayo melanini, nayo si uchafu wala si kasoro, bali ni ngao ya kuikinga na jua. Dawa za kuchubua huizuia ngozi isitengeneze rangi hiyo. Nyingi zina mojawapo ya vitu vitatu, au vyote pamoja. Cha kwanza ni zebaki, ambayo ni sumu. Hupenya ngozini ikadhuru figo na mishipa ya fahamu, na mwanamke mwenye mimba humfikishia mtoto aliye tumboni. Tena hukaa katika taulo na mashuka, ikawapata hata wasiojipaka. Cha pili ni hidrokwinoni. Mwaka 1975 tabibu Findlay wa Afrika ya Kusini alieleza maradhi aliyoyaona kwa waliotumia dawa hiyo: badala ya weupe waliokuwa wakiutafuta, mashavu yao yaliingia weusi wa kibuluu pamoja na vipele vidogo vidogo. Weusi huo ni mgumu mno kuondoka. Mwaka 1990 serikali ya nchi hiyo ikapiga marufuku hidrokwinoni katika vipodozi. Cha tatu ni dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo madaktari huzitoa kwa kipimo na kwa muda kutibu maradhi ya ngozi. Zikipakwa kila siku kwa miezi, ngozi huwa nyembamba, huota vinyweleo, na kidonda huchelewa kupona. Na zikiachwa ghafla, uso huwaka, kama ulivyowaka wa binti yetu.

Mataifa nayo yamelitambua jambo hili. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka mpaka wa zebaki katika vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikaazimia kuiondoa kabisa katika vipodozi ifikapo 2025. Lakini sheria husimama bandarini na dukani. Chumbani kwa binti husimama mama yake.

Ama meno, khabari yake ni nyingine, na majuto ni yale yale. Kijana mmoja wa jamaa zetu anayeishi Uingereza alisafiri kwenda Uturuki, kama wafanyavyo wengi siku hizi kwa kuwa bei ni nafuu. Meno yake yalikuwa mazima, ila yamepandana kidogo. Kwa siku chache tu yalikerezwa meno ishirini, yakabaki vijiti, kisha yakavikwa kofia nyeupe pe. Alirudi akicheka, na picha yake ikazunguka kwa jamaa wote. Mwaka wa pili maumivu yakaanza. Fizi zilivimba na kutoa damu, na meno matatu yalifia ndani ikabidi mizizi isafishwe. Leo anapofuturu, tende huitafuna upande mmoja, na maji baridi ambayo wenzake huyangojea kwa hamu yeye huyaogopa. Alituambia: "Ami, nimelipa fedha ili niondolewe kitu kisichonunulika."

Na kweli amesema. Gamba la nje la jino ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mwanadamu, lakini halina uhai wa kujirudisha. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikikatwa hufunga, ama gamba la jino likikerezwa haliroti tena. Chini yake kuna tabaka lenye vijitundu vidogo mno vinavyopeleka baridi na joto mpaka kwenye mshipa wa fahamu. Ndiyo maana aliyekerezwa huumia. Na kofia zile hazidumu umri mzima: aliyevikwa akiwa na miaka ishirini na tano hana budi kuzibadilisha tena na tena, na kila mara jino hupungua. Hata dawa za kung'arisha meno zina hatari zikitumiwa ovyo, kwani huunguza fizi na kuleta ganzi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2012, dawa hizo zikizidi nguvu ya asilimia 0.1 ya haidrojeni peroksaidi hazitolewi ila kwa mkono wa daktari wa meno, wala hapewi aliye chini ya miaka 18.

Wako ndugu zetu wa Arusha na Meru ambao meno yao yana rangi ya kahawia. Wengi huona haya wakacheka kwa kuziba mdomo, na wengine huyasugua kwa mkaa na ndimu mpaka yakachubuka. Na wajue kuwa ile si taka. Ni athari ya floridi nyingi iliyomo katika maji ya huko, waliyoyanywa walipokuwa watoto na meno yakiumbika. Kusugua hakuiondoi, na ndimu huliyeyusha gamba. Dawa ya kweli ni kumpatia mtoto maji salama mapema, na mkubwa kumwendea daktari anayejua kazi yake.

Wala dini haikuyanyamazia haya. Imepokewa kwa Ibn Masud, katika Bukhari na Muslim, laana kwa wanawake wanaotenganisha meno yao kwa kutaka uzuri tu, wakibadili umbo la Mwenyezi Mungu. Lakini asije mtu akadhani kuwa matibabu yamekatazwa. Sahaba Arfaja alikatika pua vitani, akaweka pua ya fedha, ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamwamrisha aweke ya dhahabu. Kwa hivyo wanavyuoni wamefarikisha baina ya kuondoa dhara au aibu iliyompata mtu, na kuliharibu lililo zima kwa kutaka sifa. Aliyeng'oka jino katika ajali na akawekewa jingine, huyo hana lawama.

Sasa enyi wazazi, tazameni chanzo. Binti hazaliwi akiuchukia weusi wake. Huusikia katika baadhi ya nyumba pale mtoto mweupe anapoitwa mzuri na mweusi akanyamaziwa, au mposaji anapouliza rangi kabla ya kuuliza tabia. Maneno hayo tuyakomeshe barazani na jikoni, kwani ndiyo yanayouza vikopo vile. Na aliyekwisha dhurika asifichwe wala asitukanwe. Apelekwe kwa daktari wa ngozi pamoja na kikopo chake, ili ijulikane alichopaka na aachishwe kwa utaratibu. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna chuo cha maradhi ya ngozi tangu mwaka 1992, na waliosomeshwa hapo wamekwenda kuhudumia sehemu nyingi za Afrika.

Nanyi vijana, kabla ya kukubali mtu akate cha mwili wenu, mwulizeni maswali matatu: kitarudi? kitadumu miaka mingapi? na kikiharibika, nani atakayekitengeneza? Asiyeyajibu haya, mwondokeeni. Wahenga wametuusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Jino lako na ngozi yako ni mbacha uliopewa na Muumba wako, nawe utaulizwa ulivyoutunza.

Mwenyezi Mungu awaponye walioumia, na awaridhishe vijana wetu kwa maumbile aliyowapa. Amin.