Chujio Limesafishwa

Daftari la zamu lilikuwa na safu nne: tarehe, zamu, kazi iliyofanyika, maelezo. Safu ya jina haikuwemo. Ukimaliza saa zako nane uliandika "Zamu B", kisha ukaongeza maneno mawili ambayo kila mtu kiwandani aliweza kuyaandika hata macho yakiwa yamefumba: Chujio limesafishwa.

Nilianza kazi Tanga mwaka 1979, katika kiwanda kilichokamua mafuta ya nazi na kupika sabuni. Tanga ya wakati ule ilikuwa mji wa viwanda kwelikweli. Alfajiri ving'ora vilipokezana, nasi tuliotoka mashambani tulijifunza kuvitofautisha kwa sauti, kama watu wa mtaa wanavyowatofautisha waadhini wao. Mbata ziliingia kwa magunia ya mkonge. Mashine zilizitafuna, mafuta yakashukia huku, mashudu yakatokea kule. Lakini mafuta yale ya kwanza hayakuwa yale mnayoyaona kwenye chupa. Yalibeba unga wa mbata, mchanga, nyuzi za mkonge zilizonyofoka kwenye magunia, na mara mojamoja kipande cha waya. Yaliachwa yatulie tangini, kisha pampu ikayavuta na kuyasukuma kwenye mashine ya sahani na vitambaa, na huko ndiko yalikotakata.

Kati ya tangi na pampu palikuwa na chujio letu: chungu cha chuma chenye ukubwa wa ndoo, na ndani yake kikapu cha bati lenye matundu ya kama milimita moja na nusu. Halikuwekwa pale kuyapendezesha mafuta. Lilikuwa mlinzi wa pampu. Pampu yenyewe ilikuwa ya gia mbili zilizoshikana meno, na mwanya uliobaki kati ya meno na ukuta wake ni mwembamba mno. Unga wa mbata hupita hapo bila neno. Waya haupiti.

Sasa tazama kazi ya kulisafisha. Kwanza unazima pampu. Unafunga vali mbili, moja ya kabla na moja ya baada, na ile ya kabla haikuwahi kufunga sawasawa. Unasubiri mafuta yapoe, maana yanaunguza. Kisha unazikabili bolti nane kwa spana namba 24, bolti zilizokaa kwenye mvuke na chumvi ya bahari hadi kutu ikazifanya kitu kimoja na nati zake. Ukishinda hapo, mfuniko mzito unaubeba kwa mikono miwili, gasketi inachanika, na gasketi mpya stoo hakuna, kwa hiyo unakaa chini unakata nyingine kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori. Ukiwa hodari, dakika 40. Muda wote huo sabuni inasubiri, na msimamizi amesimama nyuma yako anahema.

Kwa mujibu wa maandishi, kazi hiyo ilipaswa kufanyika kila zamu. Nasi kwa mujibu wa maandishi tuliifanya.

Usiku mmoja wa Julai mwaka 1983, wakati wa kipupwe, pampu ilianza kukohoa. Chujio lilifunguliwa, likafungwa; baada ya saa moja pampu ikakohoa tena. Likafunguliwa mara ya pili. Mara ya tatu kikapu kilitolewa, kikawekwa nyuma ya mapipa, mfuniko ukarudishwa mahali pake, na pampu ikawashwa. Ikaimba vizuri mpaka asubuhi. Daftarini pakaandikwa kama kawaida.

Siku ya tatu pampu ililia mlio mmoja ambao ningeutambua hata leo nikiwa usingizini, kisha ikanyamaza. Fundi mkuu aliifungua akakuta meno ya gia yamevunjika, na katikati yake kipande cha waya kilichopindwa kama ndoano. Akafungua chujio. Akainama, akaingiza mkono ndani ya chungu kitupu hadi kwenye kiwiko, akapapasa chini polepole kama mtu anayetafuta pete kisimani. Kisha akaomba aletewe daftari.

Alilisoma kwa sauti mbele yetu sote. Siku mbili, zamu tatu kwa siku: limesafishwa, limesafishwa, limesafishwa, limesafishwa, limesafishwa, limesafishwa. Miandiko mitatu tofauti. Zamu zote zilikuwa zimekisafisha kikapu kisichokuwemo.

Anayeukumbuka mwaka ule ataelewa kwa nini tulikauka midomo. Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Palikuwa na sheria yake maalumu na mahakama yake maalumu, na neno mhujumu lilikuwa linatafuta mtu wa kumkalia. Mafuta na sabuni vilikuwa bidhaa za foleni. Kuharibu pampu ya kiwanda cha umma katika mwaka kama huo hakukuwa jambo la kufanyia mzaha. Fundi mkuu alilifunga daftari, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema: "Sitaki kujua." Nadhani alijua. Taarifa yake kwa wakubwa ilisema chujio lilikuwa limechakaa, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Gia mpya zilitakiwa zitoke Ulaya, na Ulaya haikuchukua shilingi. Ilibidi kuomba fedha za kigeni, na foleni ya kuziomba ilikuwa ndefu kuliko ya sabuni. Tulikaa miezi mitano. Nyumbani kwangu, mimi mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mke wangu alifua kwa majani ya mpapai.

Ndani ya miezi hiyo mitano fundi mkuu alifanya jambo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa ndilo somo langu kubwa la ufundi. Hakuleta hotuba wala barua za onyo. Aliingia karakana, akachukua vyuma chakavu, akatengeneza mfuniko mwingine. Bolti nane zikawa nne, tena si za kuchomoa: kila moja ilisimama kwenye bawaba, ikiwa na nati yenye mabawa ya kushika kwa mkono. Unalegeza, bolti inalala pembeni, mfuniko unafunguka kama mlango wa kabati, maana nao aliutia bawaba. Gasketi akaiweka kwenye mfereji aliouchonga, isihame wala kuchanika. Alifuma vikapu viwili badala ya kimoja, kisafi kiingie mara hiyohiyo kichafu kinapotoka. Tena akavirefusha. Matundu ya kikapu yote yakijumlishwa, alitueleza, yawe mara kadhaa ya mdomo wa bomba, ili hata nusu yakiziba pampu isikose pumzi. Mwisho akafunga geji kati ya chujio na pampu, akaichora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha ya mkewe. Sindano ikifika pale, safisha. Isipofika, liache chujio la watu.

Msimamizi mmoja aliuliza kwa dharau kama tumekuwa wavivu kiasi cha kutengenezewa mfuniko wa kitoto. Fundi mkuu hakunyanyua macho. "Mama yako akikamua tui," alisema, "hufungua bolti ngapi kwenye kifumbu?"

Hakuna aliyejibu. Kila aliyekulia pwani anakijua kifumbu: unakijaza nazi iliyokunwa, unakisokota, tui linashuka, unakigeuza, unakung'uta machicha, unakisuuza, kazi imekwisha. Waliokisuka walijua kwamba chujio ni kazi mbili, kuchuja na kusafishwa, na kwamba ya pili ikiwa ngumu ya kwanza hufa. Sisi tulikuwa tumepewa chujio lililofikiriwa kwa kazi moja tu.

Pampu ilipofufuka, kusafisha kulichukua dakika tano. Na tulisafisha, kweli. Watu walewale, mshahara uleule, msimamizi yuleyule nyuma yetu. Hata yule aliyekuwa bingwa wa kuandika bila kugusa spana alianza kufungua mfuniko wakati sindano haijafika popote, kwa kupenda tu jinsi unavyofunguka.

Jambo la pili alilolianzisha lilikuwa sahani. Sahani ya enameli, nyeupe, ya ukingo wa buluu. Kila ulipokung'uta kikapu uliacha uchafu wake humo, naye asubuhi alipita na chai yake mkononi akausoma. Nyuzi za mkonge zikizidi: magunia yamechakaa, kaseme ghalani. Chembe zinazometa: skrubu ya mashine ya kukamulia inalika, tuitazame kabla haijatukwama. Maganda meusi: tangi linataka kukwanguliwa. Siku moja ya baridi alikuta sahani imejaa kitu cheupe kama samli iliyoganda, pasipo takataka hata moja. Akacheka. "Haya si machafu. Ni mafuta yenyewe yamelala." Mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzi kama 24 hivi, na usiku wa kipupwe, boila ikiwa haina mafuta ya kutosha kupasha bomba, yalianza kuganda njiani na kuziba kikapu. "Dawa yake ndoo ya maji ya moto juu ya bomba," alisema, akaendelea na chai yake.

Nilisimama pale nikihisi tumbo linashuka. Usiku ule wa Julai, mara tatu, kilichoziba kikapu kilikuwa hicho cheupe. Ndoo moja ya maji ya moto. Nilimwaga ngapi maishani mwangu, za kuoga tu!

Kiwanda hakikuivuka salama miaka ya 1990. Kiliuzwa, kikafunguliwa, kikafungwa, mwisho vyuma vyake vikakatwa na kupimwa kwa kilo. Fundi mkuu alishatangulia mbele ya haki. Ombi lake la kutengeneza mfuniko wa bawaba, nilikuja kuambiwa na karani wa ofisi, lilikuwa limelala kwenye jalada mwaka mzima kabla ya pampu kuvunjika. Aliuona mwanya mapema. Hakupewa ruhusa ya kuuziba mpaka ulipotugharimu.

Mwaka jana mjukuu wangu alinialika kiwandani kwao, Dar es Salaam, siku waliyowafungulia milango jamaa za wafanyakazi. Wanasafisha mafuta ya mawese yanayokuja kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia. Nilivikwa kofia ngumu na viatu vikubwa, nikaburuzwa kama bwana harusi. Kila kitu chuma cheupe kisichoshika kutu. Akanionyesha chujio pacha: vyungu viwili ubavu kwa ubavu na mkono mmoja wa kugeuza. Mafuta yakipita kushoto, unasafisha kulia, pampu haizimwi hata nukta. Mfuniko unafungwa kwa kitasa. Nikakigusa kile kitasa muda mrefu kuliko adabu ya mgeni.

Mbele zaidi palikuwa na jingine lisilohitaji mtu kabisa. Ndani yake kisu kinazunguka na kukwangua ukuta wa wavu, uchafu unaanguka chini, vali inafunguka, unatoka. Geji mbili, moja kabla na moja baada, zinapeleka habari kwenye kompyuta. Tofauti ikikua, kisu kinazunguka chenyewe.

"Uchafu unakwenda wapi?" nikauliza.

"Kwenye tangi la taka, Babu."

"Nani anautazama?"

Nilitegemea kumkamata. Nilikuwa nimeshaandaa hadithi ya sahani. Lakini aliniongoza kwenye meza yenye fimbo za sumaku walizochomoa bombani asubuhi ile, zimelazwa juu ya karatasi nyeupe, kila moja na vumbi lake la chuma, na kando yake picha za wiki zilizopita. "Tunatazama hapa," akasema. "Ikiongezeka, kuna kitu kinalika." Nikanyamaza. Fundi mkuu angeketi pale na chai yake.

Kisha akanionyesha daftari lao, ambalo si daftari. Ni kioo, na mistari inajiandika: saa, dakika, sekunde, chujio namba fulani limesafishwa. Hakuna anayeweza kuuandika mstari ule bila kazi kufanyika. Nikamsimulia basi habari za bolti nane, za pampu, za miandiko mitatu. Alisikiliza ameegemea ukuta, mikono kifuani.

"Hapa huwezi," akasema. "Mfuniko usipofungwa sawasawa pampu haiwaki. Kwani kwenu kikapu kilitolewa na nani?"

Miaka arobaini nimeisimulia hadithi hii, vijiweni, misibani, hata kwa mke wangu, na siku zote nimesema kilitolewa. Kiswahili kina ukarimu wake kwa waoga. Tia w moja tu mwishoni mwa kitenzi, na mtenda anatoroka kwa mlango wa uani: kikapu kilitolewa, chujio limesafishwa, pampu ikawashwa. Msomaji mwenye macho ameshaona kwamba hata hapa juu nimefanya hivyohivyo.

"Nilikitoa mimi," nikamwambia.

Hakushtuka. Hakunipa pole wala hakunicheka. Alinitazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake, akauliza jambo moja tu.

"Bolti ulisema zilikuwa nane?"

"Nane."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na usiku," akasema.