Dada wa Kibongo, mzee wa Houston na nishani iliyopotelea kwenye moto

Wadau, kazi za kubeba boksi huko mbele mnazijua. Wengi wanaposti magari na viatu, ila ukiuliza unafanya kazi gani, meseji inasomwa na jibu haliji. Huyu dada yeye hafichi. Ana miaka 27, katokea Tabora, anaishi Houston, Texas, na kazi yake ni kulea wazee majumbani kwao. Anaogesha, anabadilisha nepi, anatoa dawa kwa saa, anapika uji. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu bado yuko kazini, na kule kazi inaweza kuota mbawa kwa simu moja tu. Ilikaribia kuota, mtaona.

Mzee anayemlea ana miaka 93. Dada anamwita Babu. Wiki ya kwanza mzee alidhani hilo ndilo jina la dada, na yeye akawa anamwita Babu. Yaani mle ndani wakawa Mababu wawili wanaitana, hadi siku dada alipomweleza maana yake. Mzee alicheka mpaka akapaliwa.

Babu anasahau. Anasahau kama ameshakula, anasahau kwamba mke wake alishafariki, na akikumbushwa analia upya kama ndiyo kwanza kaambiwa. Lakini namba yake ya jeshi haijawahi kumtoka. Herufi mbili na tarakimu nane. Anaitaja akiwa bafuni, anaitaja usingizini, haraka haraka kama mtoto anayeitikia jina darasani. Dada alikuwa ameishika kichwani kabla hata hajashika namba ya nyumba.

Mkono wa kushoto wa Babu una kovu refu, kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kifundo. Kwa dada alisimulia kwamba alilipata Korea mwaka 1951, vipande vya bomu, akiwa na miaka 19. Ilikuwa kwenye kile kilima ambacho Wamarekani wanakiita Heartbreak Ridge, kilima cha kuvunja moyo. Na kweli kilivunja watu moyo. Mapigano pale yalianza Septemba 1951, yakachukua mwezi mzima, na Wamarekani na Wafaransa zaidi ya 3,700 waliuawa au kujeruhiwa. Yote kwa ajili ya vilima vitatu vya mawe.

Shida ni kwamba mtoto wake wa kiume anajua stori nyingine kabisa. Kijana mwenyewe ana miaka 66, anakuja kila Jumapili, analeta matunda, anakaa saa moja. Tangu mdogo aliambiwa kovu lile ni la msumeno wa kiwanda cha mbao. Na aliyemwambia ni baba yake mwenyewe! Babu alirudi kutoka vitani hataki kuongea, akaona bora aseme msumeno, watu wasimuulize maswali. Miaka sitini na ushee hajafungua mdomo. Alipokuja kufungua tayari akili imeanza kuyumba, kwa hiyo kijana akaona mzee anachanganya mambo ya sinema na maisha yake. Ukijiweka kwenye nafasi yake hata humlaumu.

Karatasi nazo zilikuwa upande wa kijana. Mwanajeshi wa Marekani akimaliza utumishi anapewa fomu inaitwa DD 214. Ndiyo kila kitu. Matibabu, mkopo wa nyumba, mazishi, vyote vinaanzia hapo. Ya Babu ilikuwa kwenye bahasha ya kahawia, imekunjwa mpaka inataka kukatika. Kuna kisanduku cha majeraha aliyopata kwa mikono ya adui. Ndani yake limeandikwa neno moja tu: hakuna. Dada alimuuliza sasa ulisaini vipi. Babu akamwambia alikuwa na miaka 21, basi la kwenda kwao linaondoka, angesaini hata kama ingeandikwa yeye ni farasi.

Anayejeruhiwa na adui akatibiwa na daktari wa jeshi, na matibabu yakaandikwa, anastahili Purple Heart. Ni ile nishani ya moyo wa zambarau yenye sura ya George Washington. Asili yake ni beji ya Washington ya mwaka 1782, ikafufuliwa 1932, mwaka uleule aliozaliwa Babu. Haiombwi kwa ushujaa, wala haihitaji bosi akupendekeze. Umejeruhiwa, imeandikwa, unapewa. Neno gumu hapo ni hilo la katikati, imeandikwa.

Na Babu hakuwa anataka kuivaa. Nishani yenyewe unaipata mtandaoni, mtu yeyote ananunua ya kuigiza akaining'iniza ukutani. Alichotaka ni jiwe la kaburi. Serikali ya Marekani inampa mwanajeshi wake mstaafu jiwe bure, na chini ya jina wanaweza kuandika Purple Heart, lakini lazima uonyeshe karatasi. Babu alimwambia dada hivi: "Nimemdanganya mtoto wangu maisha yangu yote. Nataka jiwe limwambie ukweli, kwa sababu mimi haniamini tena."

Dada akaingia kazini. Zamu za usiku ni ndefu, mzee kalala, simu ipo mkononi. Akakuta kumbe hiyo kitu ina utaratibu wake. Unaanza na fomu ya SF 180, unaipeleka kwenye kituo cha kutunza kumbukumbu za wanajeshi kule St. Louis, Missouri. Sehemu ya kusaini inamtaja mwanajeshi mwenyewe. Akishafariki, inawataja ndugu wa karibu. Mlezi wa kulipwa kwa saa hayumo popote kwenye orodha hiyo. Basi dada akajaza kwa mwandiko mzuri, Babu akasaini. Kusaini tu kulichukua karibu nusu saa, maana mkono unatetemeka na alikataa kushikwa.

Miezi ikapita. Jibu likaja. Faili halipo, huenda liliungua.

Hapa inabidi kueleza, maana watu wengi hawaijui hii habari. Usiku wa tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka ghorofa ya sita, ya juu kabisa, kwenye jengo la kumbukumbu hizo nje kidogo ya St. Louis. Kwenye sehemu za mafaili hapakuwa na mabomba ya kunyunyiza maji. Mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Wanajeshi wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya Novemba 1912 na mwanzoni mwa 1960 ndio walioumia zaidi, asilimia 80 ya mafaili yao yalikwenda. Nakala? Hakuna. Orodha ya yaliyokuwemo? Hakuna. Nchi iliyokuwa imeshapeleka watu mwezini haikuwa na nakala ya mafaili ya vijana wake. Na yale ambayo hayakuungua yalilowa maji ya zimamoto yakaanza kuota ukungu, ikabidi yapelekwe kukaushwa kwenye mitambo mikubwa ya kampuni ya ndege, McDonnell Douglas. Yaliyookolewa ni kama milioni 6.5, na mpaka leo kuna watu kazi yao ni kufunua karatasi hizo nyeusi kingo moja moja, taratibu, zisivunjike.

Kwa hiyo Babu alikuwa ameandikiwa "hakuna" mwaka 1953, halafu mwaka 1973 hata ushahidi wa kupinga hiyo "hakuna" ukawa majivu.

Wengi hukomea hapo. Lakini barua ile ilikuja na fomu nyingine, ya kujaribu kulijenga upya faili lililoungua. Inauliza ulikuwa kombania gani, miezi gani, ulitibiwa hospitali gani. Kwa sababu kumbe moto haukula kila kitu. Ripoti za asubuhi za kila kombania, zile za nani yupo, nani mgonjwa, nani kafa, zipo. Halafu mwaka 1988 kituo kikapata kanda za kompyuta zenye taarifa milioni 10 za watu waliolazwa kwenye hospitali za jeshi, miaka ya 1942 hadi 1945 na 1950 hadi 1954. Zilikuwa za ofisi ya daktari mkuu wa jeshi, ziliwekwa kwa ajili ya takwimu tu, hakuna aliyefikiria zitakuja kumtetea mtu. Si kila mtu yumo. Na aliyemo hayumo kwa jina.

Yumo kwa namba ya jeshi.

Dada anasema aliposoma hapo alisimama katikati ya jiko, sufuria ya uji inafurika, anaiacha.

Wakajaza. Babu akasaini tena. Siku chache baadaye kijana akakuta kivuli cha fomu mezani, na hakuuliza mtu. Akapiga simu kwenye kampuni iliyomwajiri dada, akasema mlezi anamsainisha baba yangu makaratasi ya serikali. Kwa kijana ilikuwa wazi kabisa, kila wiki kwenye habari kuna mzee kaibiwa nyumba na mtu wa kumwogesha. Dada akaitwa. Msimamizi akamwambia kazi yako ni maji, dawa na chakula, ukigusa karatasi ya mteja tena unarudi ulikotoka. Zamu yake ya Jumamosi akapewa mtu mwingine. Mtu mwenye kodi ya nyumba, ada ya mdogo wake Tabora, na mama anayesubiri hela ya dawa, hapo anajibu nini? Alijibu ndiyo bosi. Akarudi kuogesha.

Alimsimulia mama yake kwenye simu. Mama akacheka kidogo, akasema mbona hata babu yangu mimi alikuwa KAR, akapelekwa Burma na Waingereza. Dada hakuwa anaijua kabisa hiyo. Akauliza kama alipewa medali. "Alipewa, ya nyota. Sisi tukaifunga uzi tukawa tunaivuta mchangani kama gari. Baadaye iliuzwa kwa mtu wa chuma chakavu." Ilikuwa na jina? Haikuwa na jina. Zile nyota za Waingereza nyingi zilitoka hivyo hivyo, chuma kitupu, mwenye nayo anajulikana kwenye madaftari tu. Dada akauliza namba yake ya jeshi. Mama akasema, "Namba gani tena mwanangu? Mtu mwenyewe hata siku aliyozaliwa hatuijui."

Bahasha ya St. Louis ilifika siku ya Jumapili iliyotolewa Jumamosi na jirani aliyeipokea kimakosa, na aliyeifungua ni kijana. Alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa. Ndani kulikuwa na karatasi moja fupi, haina maneno mazuri hata moja. Namba ya jeshi ya Babu. Oktoba 1951. Majeruhi wa vitani, mkono wa kushoto, vipande vya bomu. Hakuna msumeno popote.

Kijana aliisoma akatoka nje. Dada alimwona kupitia dirishani amekaa kwenye gari, mlango wazi, injini haijawashwa. Alikaa muda. Aliporudi hakuomba msamaha, tusitiane maneno mdomoni kwamba aliomba. Aliuliza tu, "Hatua inayofuata ni ipi?" Halafu akaenda kukaa kwenye kitanda cha baba yake, akashika ule mkono wenye kovu, akaukunja mkono wa shati vizuri.

Kuanzia hapo makaratasi akayashika yeye. Kama ushahidi ungekuwa mwembamba wangepitia bodi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, fomu ya DD 149. Kule sheria inakupa miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ingawa bodi inaweza kukusamehe ukichelewa wakiona haki inadai hivyo. Haikufika huko. Ile karatasi fupi ilitosha, wakaituma kwa watu wa nishani wa jeshi, Fort Knox, Kentucky. Zamu ya Jumamosi nayo ikarudi. Dada hakuambiwa pole wala nini, aliona tu ratiba imebadilika kwenye simu.

Sahihisho linaitwa DD 215. Ile 214 ya zamani haichanwi, "hakuna" yake inabaki vilevile, ila mpya inabanwa pamoja nayo na inasema kilichokosewa. Ya Babu ilitaja Purple Heart, na chini yake kitu ambacho hakuwahi kukiomba: medali ya vita ya Jamhuri ya Korea. Wakorea waliitoa tangu 1951, Marekani ikaja kukubali askari wake waivae mwaka 1999, wengi wao wakiwa wameshakufa. Babu aliifurahia hiyo kuliko ile ya zambarau. Alirudia mara tatu kwamba Wakorea wamekumbuka, na jioni akasahau, ikabidi asomewe upya, akafurahi upya. Kusahau nako kuna siku yake.

Nishani zenyewe zilikuja kwenye boksi dogo kwa posta. Babu akasema ziwekwe kwenye droo ya soksi. Lakini ile karatasi aliing'ang'ania. Akamwagiza kijana atoe kopi tano. Moja ya hospitali, moja ya watu wa mazishi, moja akae nayo kijana, moja ibaki kwenye bahasha ya kahawia.

Ya tano akampa dada, akamwambia akaiweke kwake, mbali na hapa. Moto ukitokea.