Nyumba Njema si Mlango

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Waswahili husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, lakini sijui kama kuna mtu inayemhusu kuliko mimi, kwani mlango wa nyumba yetu umepigwa picha nyingi kuliko watu wote wa ukoo wetu wakijumlishwa pamoja. Naam, mpenzi msomaji, usicheke. Kwetu ni Mombasa, Mji wa Kale, katika barabara iitwayo Ndia Kuu. Watalii huja wakasimama mbele ya mlango huo, wakautazama, wakaupiga picha, kisha wakaenda zao. Waliowahi kuomba kuingia ndani nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Tangu nije katika shule hii ya bweni huku bara, wenzangu hawaniachi. Taa zikizimwa tu, huyu aniuliza hili na yule lile. Wengi hudhani kwamba kuishi katika mtaa wa watalii ni kuishi peponi. Ati ukitoka nje asubuhi unaokota dola kama maembe yaliyoanguka. Wengine, hasa wale waliowahi kwenda Mombasa kwa ziara ya shule, wakazunguka Ngome ya Yesu kwa saa mbili na kurudi mbio kwenye basi, hushikilia kwamba mtaa wetu ni wa magofu na vinyago tu. Wote hao wameuona mlango. Leo, kwa hisani ya jarida letu, nataka niwafungulie muingie ndani.

Kwanza jina lenyewe. "Ndia" ni "njia" kwa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa. Sisi husema "ndoo" badala ya njoo, "mato" badala ya macho na "kuteka" badala ya kucheka. Kwa hivyo Ndia Kuu ni Njia Kuu, ijapokuwa mgeni akiiona hushangaa ukuu wenyewe uko wapi, maana ni nyembamba kiasi kwamba gari likikutana na mkokoteni mmoja wao hana budi kurudi nyuma. Aghalabu ni gari.

Barabara yetu iko karibu na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliizingira kwa zaidi ya miaka miwili wakaitwaa mwaka 1698. Waingereza nao waliigeuza gereza mwaka 1895, ikabaki gereza hadi 1958, kisha ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Mwaka 2011 UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Haya yamo vitabuni. Lisilomo vitabuni ni kwamba Bibi yangu aikumbuka ilipokuwa jela, yeye akiwa mtoto mdogo, na hakuna mtoto aliyeikaribia kwa hiari yake. Siku hizi akiona foleni ya watu wakinunua tikiti hutikisa kichwa na kusema, "Dunia! Wengine walilia watolewe, wengine walipa waingizwe."

Mtaa wetu, wasomaji wapenzi, una zamu mbili. Ya kwanza huanza kabla ya jua kuchomoza. Adhana hutoka Msikiti wa Mandhry, ambao huhesabiwa miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya Mombasa, na misikiti mingine huitikia. Baadaye kidogo husikia harufu ya mahamri na mbaazi za nazi, na mahamali wakipiga kelele, "Ndia! Ndia!" wakisukuma mikokoteni. Ikifika saa tatu, wenye maduka hutoa bidhaa zao nje: vinyago, vyondo, leso, mikufu, na vidau vidogo vya mbao. Hapo ndipo wageni huingia kwa makundi, kiongozi mbele, kofia na kamera nyuma. Siku meli kubwa ya kitalii inapotia nanga Kilindini, habari hufika mtaani kabla ya abiria kushuka, na hata bei ya maji ya chupa huamka na wenyewe.

Mchana jua likikaza mtaa hulala. Alasiri ndipo zamu ya pili huanza, nayo ni yetu wenyewe. Mzee wa kahawa hupita na dele lake, akigonganisha vikombe mpaka ukajua yuko kona gani. Wazee huketi barazani wakanywa kahawa chungu kwa kashata. Akina mama waliovaa buibui huamkuana wakielekea kutazama mgonjwa au mzazi. Watoto hucheza mpira, na ukienda mbali huwa umeingia sebuleni kwa mtu. Viazi karai hukaangwa, kachri hufungwa karatasini. Wakati huo wageni wengi wamesharudi hotelini au melini kwao. Yaani wamekuja kuuona Mji wa Kale, wakaondoka kabla haujaamka.

Baraza ya nyumba yetu ndipo Bibi hukaa. Hapo ndipo jambo lililonifanya niandike insha hii lilipotokea.

Kaka yangu ni kiongozi wa watalii. Kiitaliano na Kijerumani alijifunza kwa masikio tu, na ukimsikia utadhani kalelewa huko. Asubuhi moja alikuja na kundi la wageni, na mmoja wao, bila salamu wala nini, akamwelekezea Bibi kamera karibu na uso. Bibi akajifunika kwa leso na kusema, "Mwambie mimi si kinyago. Vinyago vyauzwa dukani." Kaka akatabasamu na kuwatafsiria wageni kwa Kiingereza kwamba bibi huyu asema karibuni sana Mombasa. Wakafurahi, wakapiga picha nyingine, wakampa kaka bakshishi.

Alilosahau kaka ni kwamba Bibi alisoma, na Kiingereza akijua vizuri. Bibi hakusema kitu mbele ya wageni. Alingoja hadi baada ya Isha, akamwita. "Ndoo hapa, babangu. Ulimi wako umeukodisha kwa shilingi ngapi?"

Kaka akainama, kisha akajibu kwa adabu lakini bila kurudi nyuma: "Bibi, nisamehe. Lakini ulimi huu ndio ulionunua unga wa jana."

Tulinyamaza wote. Nami niliyekuwa nimekaa pembeni na kitabu changu nilijua kwamba kila mmoja wao alikuwa amesema kweli.

Ili uielewe kauli ya kaka, yafaa urudi nami hadi mwaka 2020. Mwezi wa Machi ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa kwa sababu ya korona, na shule zikafungwa. Kisha tarehe 6 Mei serikali ikafunga Mji wa Kale. Hakuna kuingia wala kutoka, polisi wakawekwa kwenye njia. Tuliishi hivyo hadi mwanzo wa Juni. Mwanzoni Bibi alisema, "Alhamdulillahi, sasa ndia imekuwa yetu." Hakuna kamera, hakuna honi. Lakini wiki ya pili na ya tatu, ndia ikiwa yetu hivyo hivyo, majiko yalianza kuzimika. Muuza vinyago, mshona kofia, mwenye hoteli, dereva, hamali, wote walikuwa wakila kutokana na mgeni, hata wale waliokuwa wakimlaani. Jirani mmoja alimtuma mwanawe kwetu na sahani iliyofunikwa kawa, kama ilivyo desturi ya kupelekeana chakula. Bibi alipofunua, sahani ilikuwa tupu. Alielewa. Aliijaza wali akaifunika tena, na mtoto akarudi nayo bila neno kusemwa. Mpaka leo nikiisikia methali "mgeni njoo, mwenyeji apone," siioni kuwa ni pambo la insha. Naiona sahani ile.

Baba, aliyekuwa karani katika kampuni moja ya mizigo, alipunguzwa kazi mwaka huo huo. Hivi leo aendesha tuk-tuk. Shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021, kaka hakurudi. Alikuwa Kidato cha Pili. Alisema mmoja kati yetu atosha kudaiwa karo. Siku ya meli huweza kupata kwa asubuhi moja kile ambacho Baba hukipata kwa wiki nzima. Lakini hupita wiki nyingi bila meli, na kaka huketi pale karibu na Ngome akihesabu mawingu.

Likizo ya Desemba iliyopita, mfanyabiashara mmoja alikuja kwa Baba akitaka kukodi chumba chetu cha chini pamoja na baraza, afungue duka la vitu vya ukumbusho. Kodi aliyoitaja ilimfanya Baba aketi chini. Nilikuwa na deni la karo la mihula miwili, na kila mtu pale nyumbani alilijua. Basi jioni wakakutana: Baba, Ami, kaka, na Bibi, ambaye nyumba ni yake. Ami akasema, "Mama, baraza ni saruji tu. Karo ya mtoto ni maisha." Kaka akamuunga mkono. Baba alinyamaza. Bibi naye akanigeukia mimi. "Na wewe msomi, wasemaje? Deni ni lako."

Aisee, sikutarajia! Nilisema nilichokuwa nikikiwaza tangu mchana. Nilisema kwamba mfanyabiashara aitaka baraza kwa kuwa wageni husimama pale. Nao husimama pale kwa kuwa wapo wazee, ipo kahawa, na wapo watu wanaoamkuana. Akiwaondoa wazee apange vinyago, wageni watasimama kutazama nini? Vinyago vile vile viko kila duka kuanzia Ngome hadi bandari ya kale. Chumba na kikodishwe, lakini baraza ibaki.

Bibi aliniangalia kwa muda. Kisha akasema, "Mwasikia? Chumba hukodishwa. Baraza haikodishwi, kwa sababu si yangu. Baraza ni ya wapita ndia."

Yule mfanyabiashara alikasirika, akasema tunachezea riziki, akaenda zake. Zile wiki mbili zilizofuata zilikuwa ndefu. Ami hakuja kula kwetu, nami kila nilipokohoa nilihisi nadaiwa. Hatimaye mtu huyo alirudi, akakubali chumba pekee kwa kodi ya chini kuliko ile ya kwanza. Karo yangu ililipwa nusu, na nusu tungali tunaitafuta. Mkataba ni wa miaka miwili. Baada ya hapo, Mungu ndiye ajuaye.

Bibi aliweka sharti jingine, nalo lilimhusu kaka: asimpigishe mtu picha bila kumwomba ruhusa, wala asitafsiri lisilosemwa. Kaka alinung'unika kwamba atakosa bakshishi. Lakini siku hizi kila anapoanza ziara huwafundisha wageni neno moja kabla ya mengine yote, neno "hodi." Huwaeleza maana yake, kisha huwapitisha barazani kwa Bibi walitumie. Wengine hulicheka neno hilo wakapita. Wengine hulisema kwa matamshi ya ajabu, na Bibi huitika, "Karibu!" kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya pili. Mama mmoja mzee wa Kijerumani alikaa naye saa nzima, hawana lugha moja ya kutosha, wakionyeshana picha za wajukuu. Hakuupiga mlango wetu picha hata moja.

Nikitafakari, naona swali la mtaa wetu halikuwa kama watalii ni wazuri au wabaya. Atakayesema waondoke hajaiona sahani tupu, na atakayesema waachiwe kila kitu hajauonja uchungu wa bibi yake kulinganishwa na kinyago. Serikali iliutangaza Mji wa Kale kuwa eneo la kuhifadhiwa, na ni jambo jema, kwa kuwa mtu hawezi kuamka tu akabomoa roshani ya kuchongwa akajenga ghorofa. Lakini sheria hulinda roshani na milango. Salamu hailindwi na sheria. Hulindwa na waliomo ndani ya nyumba. Wakishahama wakawaachia wenye maduka, tutabaki na mji mzuri usio na mtu wa kuitika hodi.

Kwa hivyo nawaomba, wenzangu, mkienda Mombasa, au Lamu, au popote ambapo watu wanaishi na wageni wanapita, msiwe watalii katika nchi yenu wenyewe. Amkueni watu. Ombeni kabla ya kupiga picha. Nunueni kikombe cha kahawa mkinywe pale pale mkiwa mmeketi. Na walimu wetu wapendwa, mnaotupangia ziara za shule, nina ombi dogo kwenu: Ngome mtuonyeshe asubuhi, lakini basi lisiondoke saa nane. Lingojeeni alasiri, mzee wa kahawa apite. Mkifika Ndia Kuu ulizeni tu kwa Bibi mwenye baraza. Kila mtu atawaelekeza.