Maua ya Mpangaji

Katika nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, uani ni mahali pa wote: hapo hupikwa, hufuliwa na huogeshwa watoto. Mpangaji anayetaka kutenga sehemu yake kwa maua yadumuyo miaka asishangae akiulizwa, kama nilivyoulizwa na mama wa chumba cha mbele: "Mwanangu, nyumba hii umeinunua?"

Swali hilo lina uzito. Jina lenyewe la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Na nyumba nyingi za chini zimekwisha kubomolewa kupisha maghorofa. Mwenye hofu ya kuhama hupanda mchicha, unaovunwa baada ya wiki chache.

Hata hivyo nilipanda. Kwanza nilitafuta jua, ambalo katika jiji hili huhama: kati ya Oktoba na Februari jua la adhuhuri huwa upande wa kusini, na miezi mingine huwa kaskazini. Upande wa ukuta unaowaka mwezi Juni huweza kuwa kivulini Desemba. Akina mama walikwisha kulijua hilo; wanapoanika nguo nzito ndipo penye jua mwaka mzima. Tukakubaliana tuta liwe kando ya kamba, si chini yake.

Bogenvilia, yenye miiba ya kuchana khanga, niliiweka pembeni. Wekundu wake si wa maua, bali ni wa majani yanayozunguka viua vidogo vyeupe. Mbele yake nilipanda vinka, nyeupe na za waridi. Asili ya vinka ni Madagaska. Hustahimili jua kali na huchanua karibu mwaka mzima. Dawa zilizotokana nayo hutibu saratani ya damu, lakini mmea wenyewe ni sumu, hivyo watoto wasiutafune. Samadi kidogo na mvua za masika zilishikisha mizizi. Wakati wa kiangazi tulimwagilia maji yaliyooshea mchele.

Tawi la bogenvilia likichomekwa ardhini huota, na vinka huota kwa mbegu. Anayehama aweza kuondoka navyo, na bustani ikabaki. Basi, ndugu mpangaji, usingoje kumiliki nyumba ndipo upande. Utoto wa wanao haungoji hati ya kiwanja.