Dada Yangu na Wino Mwekundu

Mimi ni karani wa serikali hapa Busia, na elimu yangu ni cheti cha ualimu tu. Dada yangu anasomea shahada ya uzamivu. Chuo chake humlipia karo kwa sharti la kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuandika.

Hapa mpakani tuna vyuo vikuu viwili: Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 upande wa Uganda, na Alupe, kilichopewa hati kamili mwaka 2022 upande wa Kenya. Nami nilidhani kijana afikaye huko kuandika amekwisha kujua. Kumbe!

Juzi dada alinijia kutoka Tororo na furushi la insha. Alisahihisha hadi usiku wa manane, tasnifu yake ya mwaka wa tano imelala mkobani.

“Dada, weka alama tu, ulale,” nikamsihi.

Akanisomea sentensi moja: “Mzee aligongwa, akaachwa.”

“Aligongwa na nani?” akaniuliza. “Kesho kijana huyu ni askari, anaandika maelezo ya shahidi.”

Sikuwa na jibu. Nilimletea ripoti yangu ya mwezi aitazame. Asubuhi niliikuta mezani, nyekundu tupu. Tasnifu ilikuwa bado mkobani.