Kina cha Fu

Mjukuu wangu, aliyekuja likizo Lindi kutoka Dar es Salaam, aliniuliza kama huku kwetu ipo bustani kubwa ya mapumziko ambayo mtu anaweza kuizunguka kutwa nzima. Nikamwambia ipo, nayo haina ukuta wala geti. Imezungukwa na bahari. Tukalala Kilwa Masoko, asubuhi tukachukua kibali, na kabla jua halijawa kali tulikuwa ndani ya mashua tunavuka kwenda Kilwa Kisiwani.

Mfukoni nilikuwa na karatasi yenye beti mbili. Nilizitunga kabla ya safari, tarbia, kina cha kati fu: magofu, wafu, upungufu. Lilikuwa ombolezo la mji uliokufa. Kwa miaka mingi nilifundisha Kiswahili na Historia, na kila nilipofikia miji ya pwani niliandika ubaoni "Kuanguka kwa Kilwa", nikapiga mstari chini yake, na kengele ikalia. Mwenyewe sikuwahi kuvuka maji yale. Aibu hiyo nimeificha muda mrefu, na sasa naiungama.

Jengo linalompokea mgeni pale ufukoni ni Gereza. Kijana akauliza ni nani waliofungwa humo. Swali la namna hiyo humfurahisha mwalimu mstaafu kuliko chai. Nikamweleza kwamba neno hili halikuanza na pingu. Wataalamu wengi hulirudisha kwenye Kireno, "igreja", yaani kanisa. Wareno walifika mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, wakaupora mji, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaiacha. Kuta zinazoonekana leo kwa sehemu kubwa ni za Waomani, waliojenga upya mahali palepale.

"Kwa hiyo jina linadanganya, babu?"

"Halidanganyi. Limesafiri."

Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Msikiti Mkuu ulininyamazisha. Nilikuwa nimeuchora ubaoni mara nyingi, mraba wenye vidoto, lakini chaki haina ubaridi wa kivuli kile. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe; ile ya kusini, yenye matao na kuba, iliongezwa baadaye. Yote ni matumbawe na chokaa, vitu vya bahari hii hii. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Anasimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akitoka kuswali, fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akaenda kubadili, akampa. Mjukuu wangu alitazama shati lake, akacheka.

Kutoka hapo hadi Husuni Kubwa ni mwendo, na njia inapita kijijini. Mibuyu mikubwa, mbuzi kivulini, nyavu zimeanikwa. Tulipofika njia panda nilimwona mama mmoja mtu mzima akichambua dagaa mbele ya nyumba yake. Tukaamkiana, tukaulizana hali. Nikamwambia tunatafuta njia ya kwenda kwenye magofu.

"Magofu?" Aliniangalia bila ukali. "Mnakwenda Husuni. Gofu ni nyumba isiyokuwa na wenyewe, mwalimu. Sisi wenyewe si tupo?"

Sikuwa nimemwambia kwamba mimi ni mwalimu. Labda ilikuwa sauti. Akatuonesha njia kwa kidole chenye magamba ya samaki, akarudi kwenye kazi yake.

Nilitembea kimya. Ningeweza kumjibu kwa kamusi, kwamba gofu ni jengo lililobomoka, na pia ni mtu aliyekonda akabaki mifupa. Ningeweza kumwambia kwamba UNESCO ilipokiingiza kisiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, pamoja na Songo Mnara, neno magofu liliandikwa mara mbili katika jina lenyewe. Lakini yeye alikuwa anazungumza Kiswahili chake mlangoni pake, na mimi nilikuwa mgeni mwenye kibali mkononi.

Husuni Kubwa nayo jina lake limesafiri. Asili yake ni Kiarabu, ngome, ila aliyoyajenga Sultani al-Hasan juu ya jabali lile ni makazi ya kifalme: nyua, vyumba, ngazi za kushukia baharini, na birika la pembe nane ambalo mjukuu alilizunguka mara tatu akihesabu pembe. Magoti yangu hayakuniruhusu kushuka ngazi. Nilikaa ukingoni mwa birika. Chini, watu walikuwa wakivuta ngalawa, na kelele zao zilinifikia neno kwa neno.

Katika mashua ya kurudi kijana akaniomba nimsomee shairi. Nikatoa karatasi, nikakuta siwezi kulisoma mbele ya nahodha, ambaye nyumba yake tulikuwa tumeipita asubuhi. Nikaazima kalamu, nikakata "wafu". Ubeti hauwezi kubaki na tundu. Nimejaribu "kunjufu", mizani inazidi kwa moja. Bado natafuta.